Sura ya Tisa: Nusu Mbili za Mwanga

Mwendesha mashtaka Zúñiga alikuwa amekwisha kuiandaa hati yake. Saa nane mchana wa Alhamisi hiyo Bi Eulalia Tovar, mfanya usafi mwenye umri wa miaka hamsini na sita, angefikishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kumuua Daktari Fidencio Arriaga, na kuanzia hapo Inspekta Remedios Villagrán asingekuwa na la kupeleleza tena. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Remedios alivuta kiti katika chumba cha mahojiano, akaketi, akamsogezea mwanamke huyo mkate wa guacamaya, uliojazwa ngozi ya nguruwe na pilipili, alioununua nje ya lango.

"Kula, mama."

"Siwezi. Pilipili hiyo na tumbo tupu haviwezani."

"Basi kunywa maji. Tuna maneno."

Hati ya Zúñiga ilikuwa fupi na imara. Jumatatu jioni, saa kumi na moja na dakika tano, Daktari Arriaga aliingia katika chumba namba kumi na nne, chini ya jengo la kituo cha utafiti wa mwanga, akaanzisha kipimo kilichotakiwa kwenda chenyewe hadi usiku wa manane. Jumanne asubuhi alikutwa nyuma ya pazia jeusi, kati ya meza ya majaribio na ukuta, fuvu limepasuka kwenye paji upande wa kushoto. Chini ya kucha za mkono wake wa kulia kulikuwa na rangi nyeusi ya meza. Daktari wa maiti hakuweza kuubana zaidi muda wa kifo: kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Kitasa cha mlango kiliandika kadi za wanaoingia tu, si za wanaotoka, na kadi zilikuwa tatu. Ya Arriaga mwenyewe. Ya mwenzake, Daktari Leocadio Bustamante, saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja. Na ya Eulalia, saa mbili na dakika thelathini na nane usiku.

Kisha kulikuwa na mstari. Kompyuta ya kipimo ilichora mstari mmoja jioni nzima, umenyooka kama uzi wa fundi viatu, hadi saa mbili na dakika arobaini na moja. Hapo ulikatika. Dakika tatu tu baada ya Eulalia kuingia.

"Mtu alirushwa mezani na kipimo kikafa pamoja naye," ndivyo Zúñiga alivyosema.

Remedios alifungua jalada. "Maelezo yako yanasema uliingia, ukafagia, ukatoka. Dakika sita."

"Ndivyo."

"Kwa fagio?"

"Kwa fagio."

"Mama, nimeiona sakafu ya chumba kile. Ina alama za mviringo kutoka mlangoni mpaka kwenye pazia. Fagio gani hilo linalochora mviringo?"

Eulalia aliikunja leso yake mara mbili, akaikunjua. "Niliingia na mashine ya kusugulia."

"Ulichomeka wapi?"

"Hapo mlangoni. Soketi nyekundu hatuzigusi, tumefundishwa, hizo ni za vyombo vyao. Nyeupe ni zetu. Sasa ile nyeupe ilikuwa na plagi ya mtu. Nikaichomoa, nikasugua, nikairudisha vilevile."

"Kwa nini hukuyasema hayo Jumanne?"

"Niseme nini, Inspekta? Mwezi wa tatu nilipangusa kioo chao kwa kitambaa kibichi, Daktari Arriaga akaniandikia barua nifukuzwe. Leo tena niseme nimechomoa kitu chao?" Aliikunja leso tena. "Mimi nimejua kusoma nikiwa na miaka hamsini na moja, katika darasa la watu wazima. Barua ya kwanza kuisoma peke yangu kutoka juu hadi chini ilikuwa hiyo."

Remedios aliandika. "Taa uliwasha?"

"Mlangoni walibandika karatasi: giza. Nilifanya kazi kwa mwanga wa korido. Pazia sikuligusa."

"Ulisikia chochote?"

"Ile mashine inanguruma, nitasikia nini." Aliinua macho. "Niulize na mimi?"

"Uliza."

"Kama alikuwa mzima kule nyuma, ananiita, na mimi nasugua sakafu, si ni sawa na kumuua?"

"Sijui kama alikuwa mzima."

"Ukijua utaniambia, hata kama ni baya?"

"Nitakuambia."

*

Nayeli Quiroz, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu aliyekuwa akisaidia vipimo vya Arriaga, alimngojea Inspekta kwenye mlango wa chumba namba kumi na nne. Jumatatu kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili alikuwa akifundisha wanafunzi thelathini katika ukumbi wa juu, na Remedios alikuwa amekwisha kuwauliza kumi kati yao.

"Simu humu, Inspekta," alisema Nayeli, akionyesha kisanduku cha mbao kilichopigiliwa nje ya mlango. "Na saa, na pete. Mwanga ukigonga chuma hauna adabu, unaruka popote, hata kwenye jicho."

"Simu ya Daktari Arriaga ilikuwa humu?"

"Ilikuwa humu. Na ndani hata ukipiga kelele hakuna anayesikia. Tuko chini ya ardhi, kuta zimejazwa sufi."

Chumba kilikuwa kidogo, kuta nyeusi, dari nyeusi. Katikati ilikaa meza ya chuma nzito, nyeusi pia, ikielea juu ya miguu minne iliyojazwa hewa ili mitikisiko ya jengo isiifikie. Prizimu moja ya kioo ilisimama juu yake. Remedios alipiga magoti kwenye soketi nyeupe.

"Plagi hii ni ya nini?"

"Ya injini inayozungusha kichujio. Daktari aliichomeka hapo kwa kuwa nyekundu zilijaa. Alisema ni kwa siku moja. Siku moja yenyewe sasa ina miezi mitatu."

"Anzisha kipimo."

Nayeli alianzisha. Mstari mpya ukaanza kutambaa kwenye kioo cha kompyuta, nukta moja kila dakika. Zilipotimia tano, Remedios alichomoa plagi. Nukta ya sita haikuja. Akairudisha, haikuja bado.

"Haitakuja," alisema Nayeli. "Injini ikikatwa umeme inasubiri amri mpya."

Remedios alitoka kwenye korido, akachukua simu yake kisandukuni, akampigia Zúñiga. Akamweleza soketi, plagi na mashine ya kusugulia: kilichokata mstari ni usafi, si kifo.

Zúñiga alisikiliza hadi mwisho. "Vizuri. Sasa nisikilize na mimi. Mstari ulikuwa umenyooka mpaka mama huyo alipoingia. Mtu mzima angeangukia meza ile kabla yake, mstari ungeonyesha. Haukuonyesha. Kwa hiyo alianguka baada ya mstari kukatika, na baada ya mstari kukatika ndani kulikuwa na nani? Umeikaza hoja yangu, Remedios. Asante."

"Saa nane bado."

"Saa nane haiko mbali."

Aliporudi ndani alivuta kigoda. "Binti, nieleze mnachokipima. Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama anashona viatu kiwandani, na kila Jumapili ananiuliza swali hilohilo." Nayeli alichukua kalamu, akaishika kama bisibisi. "Mwanga unapokwenda unajizungusha, kama skrubu inayokazwa. Upo unaojizungusha kulia, upo wa kushoto. Katika mwali wetu huu wa leza imo yote miwili, nusu kwa nusu. Sasa ukifika kwenye uso wa prizimu, hewa inapokutana na kioo, haiendelei pamoja. Wa kulia unachepuka kidogo upande mmoja, wa kushoto upande wa pili. Kujizungusha kwake ndiko kunakouamulia njia."

"Unachepuka kiasi gani?"

"Chukua unywele, uupasue mara elfu moja. Kipande kimoja."

"Na mnakiona?"

"Hakionekani. Tunakikuza. Baada ya prizimu tunaweka kichujio kinachozima karibu mwanga wote. Ule mdogo unaopenya unatoka na mchepuko ule ukiwa umekuzwa mara mamia. Kichujio kikigeuzwa kidogo huku, doa la mwanga kwenye kamera linakwenda kushoto. Kikigeuzwa kule, linakwenda kulia. Nusu dakika huku, nusu dakika kule, mpaka mwisho. Kompyuta inatoa nusu moja kutoka kwa nyingine. Tofauti ndiyo jibu, na ndiyo nukta unayoiona."

"Kwa nini mtoe? Si msome nusu moja tu?"

"Nusu moja ni takataka, Inspekta. Joto limo, kiyoyozi kimo, lori la ngozi likipita barabarani limo. Tena leza yenyewe tumeiweka kwenye rafu ya ukutani kwa kuwa meza imejaa, jambo la aibu, hivyo meza ikiinama kidogo tu doa linahama. Lakini hayo yote yanalisukuma doa upande uleule, kichujio kiwe huku au kiwe kule. Ukitoa, kilichofanana katika nusu zote mbili kinajifuta. Linabaki lile tu linalogeuka kichujio kinapogeuka. Ndilo somo la kwanza tunalopewa: kinachofanana, tupa."

Remedios alisimama. "Anzisha tena."

Nukta tatu zilipokwisha kutokea, aliweka viganja vyote viwili kwenye ukingo wa meza, akaegemeza uzito wake wote. Meza ilizama chini yake kwa mlio hafifu wa hewa. Alikaa hivyo dakika mbili kamili.

"Mstari unasemaje?"

Nayeli aliinama kwenye kioo. Nukta mpya mbili zilikuwa zimejipanga sawasawa na zile tatu. Alizihesabu tena kwa kidole.

"Nimekuuliza, binti. Mimi niko hapa na kilo zangu sabini na nne. Mstari unasema niko wapi?"

"Hupo. Unasema humu hamna mtu."

"Na pigo la ghafla?"

"Nukta ikiruka mno, programu inaitupa. Inaihesabu kama lori."

"Nusu zenyewe ziko wapi?"

"Kwenye kompyuta ya kamera. Zipo siku zote, hazifutwi."

"Tangu Jumatatu nani amezifungua?"

"Hakuna." Nayeli alikuwa bado anatazama nukta zake mbili. "Hakuna aliyeziomba. Sisi hatuzisomi, Inspekta. Hata mimi miaka minne yote hii sijawahi."

"Leo utazisoma."

Ilimchukua robo saa kuzitoa na kuzichora: mstari mwekundu kwa nusu ya kwanza, wa buluu kwa nusu ya pili, kuanzia saa kumi na moja jioni ya Jumatatu. Kwa karibu saa mbili mistari hiyo iliyumba polepole, ikifuatana na kiyoyozi kuwaka na kuzima. Saa moja kasoro dakika nane yote miwili ilichupa juu pamoja, kisha ikatulia. Na kisha ikaanza kushuka.

Ilishuka, ikapanda. Ikashuka tena. Nayeli aliacha kusogeza mchoro.

"Hicho si kiyoyozi," alisema.

Remedios aliondoka kwenye kioo. Alilifungua pazia jeusi, akapita kati ya meza na ukuta, akaketi sakafuni pale ambapo chaki ya polisi ilikuwa bado inaonekana, kisogo ukutani. Aliinua mkono wa kulia, akaushika ukingo wa meza, akajivuta kama mtu anayetaka kusimama bila msaada wa miguu. Alihesabu hadi tisini, akaachia. Kucha zake zilikuwa na rangi nyeusi.

"Chora nusu za sasa hivi," aliita kutoka nyuma ya pazia. "Zinafanana na zile?"

"Zinafanana." Sauti ya Nayeli ilikuwa imeshuka. "Zinafanana kabisa, Inspekta."

"Za Jumatatu ni ngapi?"

Nayeli alizihesabu mara mbili. "Kumi na moja."

*

"Mwanafunzi hatoshi," alisema Zúñiga kwenye simu. Ilikuwa saa sita kasorobo. "Wakili yeyote atamtafuna. Anayeujua mstari ule ni Bustamante, ndiye aliyeuleta na kuusainia. Nusu hizo azisome yeye, kwa mdomo wake, na atie saini. Bila hivyo naenda na nilicho nacho."

"Bustamante aliingia saa kumi na mbili na nusu."

"Na alituletea mwenyewe karatasi inayomvua nguo. Mwenye hatia hafanyi hivyo."

Hilo lilikuwa kweli, nalo lilikuwa limewapotezea siku mbili. Miaka miwili nyuma Daktari Leocadio Bustamante alichapisha makala juu ya uso mpya wa kioo ambao, alidai, uliuchepusha mwanga mara tatu ya kawaida. Jumatatu ile Arriaga alikuwa akipima upya prizimu ileile. Mstari ulitoa jibu la kawaida: makala ilikuwa na kosa. Na Bustamante ndiye aliyeuchapa mstari huo, akaupeleka polisi kwa mkono wake.

Alimpokea Remedios ofisini kwake kwa heshima, akampa kiti kilicho mbali na jua. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu, mwenye mashavu yaliyokuwa hayajanyolewa tangu Jumanne.

"Ulitoka chumbani saa ngapi, Daktari?"

"Kama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nimekwisha kusema."

"Gari lako limepita langoni saa moja kasoro dakika mbili."

"Nilipitia ofisini kuchukua mkoba."

"Mligombana?"

"Tulijadiliana. Watu wa mwanga hatupigani, Inspekta. Tunatupiana tarakimu."

"Alitaka uiondoe makala yako."

"Alitaka, na alikuwa na haki. Mstari umesema. Ningekuwa na la kuficha ningeuleta?"

"Mstari umeuleta. Nusu zake je?"

Bustamante alimtazama kama mtu aliyeombwa maganda baada ya kugawa machungwa. "Nusu hazina kitu."

"Umezitazama?"

"Hakuna anayezitazama."

"Ndivyo nilivyoambiwa." Remedios alitandaza karatasi nne juu ya meza, akaziunganisha kingo kwa kingo, kisha akaweka kinasa sauti kando yake na kukiwasha. "Mwendesha mashtaka anataka mtaalamu. Zisome kama unavyowasomea wanafunzi. Anza hapa, saa kumi na moja."

Alivaa miwani. Alianza kwa sauti ya darasani, isiyo na haraka. "Nyekundu ni kichujio upande wa kwanza, buluu ni upande wa pili. Kuyumba huku ni kwa kiyoyozi, dakika ishirini kwa ishirini. Hakuna la ajabu. Hapa mlango umefunguliwa, hewa imeingia. Hapa..." Kidole chake kilisimama.

"Saa ngapi hapo?"

"Saa moja kasoro dakika nane."

"Na kuna nini?"

"Zote mbili zimeruka pamoja. Meza imegongwa. Kwa nguvu."

"Kadi zinasema ndani walikuwa watu wawili, Daktari. Mmoja ni maiti. Wa pili ni nani?"

Aliivua miwani, akaiweka juu ya karatasi, akaichukua tena. "Nilimsukuma. Mara moja tu, begani. Alikuwa anacheka, anaitaja makala yangu kwa jina la mwanafunzi niliyemnyima shahada. Nikamsukuma. Aliyumba akajigonga paji ukingoni akakaa chini, kajishika kichwa. Nikamwambia inuka, mzee. Akanitukana."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Toka, kabla sijakupima na wewe.'" Bustamante aliivaa tena miwani. "Mtu anayekutukana ni mzima, Inspekta. Ndivyo nilivyojiambia. Nikatoka. Kesho yake wakasema amekufa, na mstari umekatika saa mbili na dakika arobaini na moja. Saa hiyo nilikuwa mezani kwa dada yangu, tunakula. Nikajua si mimi. Niliuleta mstari kwa sababu mstari ulisema si mimi."

"Na mama yule?"

"Nilidhani amemkuta amesimama, wakagombana tena juu ya kile kioo. Niliamini hivyo."

"Endelea kusoma."

"Yaliyobaki ni kelele tu."

"Isome kelele."

Kidole kilirudi kwenye karatasi. Sauti ya darasani ilikuwa imekwisha, lakini macho yalikuwa yaleyale, macho ya mtu aliyesoma michoro kwa miaka thelathini na asiyeweza kuitazama bila kuisoma. "Saa moja na dakika moja. Meza inazama, upande wa ukuta. Kwa miguu ile ya hewa, mzamo huu ni kama kilo thelathini. Unadumu dakika moja na nusu. Kisha uzito unaondoka."

"Uzito wa nini?"

"Wa mtu. Mtu aliyekaa chini anajivuta kwa mkono."

"Ya pili."

"Saa moja na dakika nne. Kilo thelathini tena. Ya tatu ishirini na saba. Inayofuata ishirini na mbili, fupi zaidi." Alitamka tarakimu moja baada ya nyingine. Mizamo iliendelea kupungua, na nafasi kati yake ikaendelea kupanuka. Baada ya wa nane Bustamante alikiondoa kidole karatasini.

"Bado, Daktari."

"Kilo tisa. Kisha sita. Kisha..." Alikaza macho. "Huu wa kumi na moja ni kilo mbili. Huu hauvuti. Mkono umewekwa tu juu ya ukingo."

"Saa?"

"Saa moja na dakika thelathini na nane."

"Na baada ya hapo?"

"Kiyoyozi."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mstari ulipokatika. Saa nzima na dakika tatu, meza haikuguswa na mtu."

Remedios alizima kinasa sauti, akachukua simu, akampigia Zúñiga mbele yake. "Hati yako ichane. Nina usomaji, na nina aliyemsukuma. Tuma gari." Alisikiliza. "Ndiyo, atatia saini. Na Bi Eulalia asisubiri saa nane, atolewe sasa. Mwambie hivi, neno kwa neno: Daktari alifariki saa nzima kabla hajaingia. Hapana, si 'takriban'. Saa nzima. Kuna jambo aliniuliza."

Bustamante alikuwa amekwisha kuchukua kalamu. Alitia saini kwenye karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kwenye ya nne akaongeza tarehe, kwa mwandiko ulionyooka. Kisha akazipanga vizuri, kingo kwa kingo, na kumsogezea. Nje, kengele ya chakula cha mchana iligonga na miguu ya watu ikapita koridoni.

"Nilikaa kwenye gari," alisema. "Nje ya lango, kwenye vibanda. Injini nimezima. Nilisema nirudi nimwombe radhi, halafu nikasema atanicheka tena, na kesho ni siku. Ilikuwa saa moja na robo nilipoiwasha nikaenda kwa dada." Alitazama karatasi, si uso wa Inspekta. "Kama ningerudi saa hiyo. Moja na robo."

Remedios angeweza kuziweka karatasi jaladani. Alizisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akafuata mstari mwekundu kwa ncha ya kalamu mpaka alipoipata dakika hiyo, kisha akaulinganisha na wa buluu.

"Ungemkuta akijivuta mara ya tano," alisema. "Kilo kumi na nane."